Kitabu cha Matukio Nyumbani Kwetu

Baba alikuwa Polisi Tawala, wale waliokaa kambini kwa chifu, na nyumbani kwetu ilikuwa nusura mtu aandikwe hata akienda msalani. Alipostaafu, serikali ilichukua bunduki, kofia na mkanda. Kitabu cha matukio ilimwachia kichwani. Akanunua daftari, akalipigia mistari kwa rula, akalifunga kwa uzi kwenye msumari wa mlangoni. Saa moja kasoro, mbuzi watatu wametoka. Saa moja kamili, binti mdogo amekwenda shule. Hali shwari. Kila aliyetoka alikuwa na mstari wake, na mwishoni nafasi mbili zilizoachwa wazi: amerudi saa ngapi, na sahihi ya aliyempokea. Sahihi ilikuwa ya Baba siku zote. Kanuni yake ilikuwa kwamba harudi mtu kwa kuandikiwa na mwingine. Ufike mlangoni, uonekane, ndipo uandikwe.

Watoto wa jirani walisimuliwa habari za sungura na fisi. Sisi tulichorewa polisi wa kaunti. Juu kamanda wa kaunti, chini yake wa kaunti ndogo, halafu mkuu wa kituo, halafu vituo vidogo, na chini kabisa konstebo wa meza ya ripoti.

"Nani mkubwa hapo?" Baba aliuliza.

Mdogo wangu akasema kamanda. Mimi nikasema konstebo, maana ndiye anayeshika kalamu. Nikapewa pingili ya mua, na mdogo wangu akanuna hadi jioni.

Alituambia pia ya zamani, jinsi wao walivyokuwa askari wa chifu na wenzao askari wa kituo, vikosi viwili visivyosalimiana, mpaka sheria ikawaweka chini ya mkubwa mmoja. "Kwenye karatasi tuliungana," alisema. "Kwenye foleni ya chai tulibaki mistari miwili." Na juu ya mafaili alikuwa na hesabu yake: "Ofisa akikuambia siku nne, wewe hesabu wiki nne. Akikuambia wiki nne, nenda kapande mahindi."

Hesabu hiyo niliibeba mpaka Jeddah. Nafanya kazi kwenye nyumba moja Al-Hamra: ngazi ishirini na sita, madirisha kumi na tisa, nimeyahesabu kwa kitambaa mkononi, kwenda na kurudi. Ijumaa nikipewa ruhusa nashuka Sharafiya, na pale wauza simu wananijua. Mmoja akiniona huanza kulalamika kabla sijauliza bei. "Yalla, mama, leo usiniue." Nataja theluthi, naondoka hatua saba, naitwa. Sijawahi kufika hatua ya kumi. Nilijiona mjanja, na wenzangu walinituma niwapatanie.

Mdogo wangu alikuwa Riyadh. Mkataba wake uliisha, ikabaki kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, ampe khuruji, ile ruhusa ya kutoka nchini. Kila wiki kafili alisema bukra, yaani kesho. Wakati huohuo Baba alilazwa, kisha daktari akasema arudishwe nyumbani akae na watu wake. Tulielewa. Mdogo wangu alitaka kitu kimoja tu, amkute Baba yu hai.

"Dada, nifanye nini?"

"Nenda polisi. Meza ya ripoti. Usitoke bila namba ya kitabu."

Alikwenda asubuhi, alipotumwa mkate. Akanipigia akiwa ndani ya kituo, mimi niko jikoni na mikono imejaa unga.

"Dada, hakuna kitabu. Kuna kompyuta."

"Basi mwambie akupe namba ya kompyuta."

Ofisa alikuwa mtu mpole. Alimpa maji na kiti, akampigia simu kafili, na kafili akaja na kanzu yake iliyopigwa pasi, na mdogo wangu ndiye aliyeipiga pasi. Kisha ofisa akaniambia kwa Kiarabu cha polepole, simu ikiwa imewekwa sauti mezani. Jambo hili si la polisi, ni la ofisi ya kazi. Akitaka, malalamiko yanafunguliwa sasa hivi, anapelekwa makazi ya wafanyakazi wanawake, na kwa siku nne au tano litakuwa limekwisha. Au mpatane hapahapa.

"Nifungue, dada," mdogo wangu alisema kwa Kiswahili. "Nataka nifungue malalamiko."

"Nyamaza kidogo. Hizo siku nne nazijua mimi."

Nikamgeukia kafili. Nilimwita baba, kwa adabu zote. "Baba, msichana anaondoka lini?"

"Baada ya Idi. Wiki sita. Mfungo unakuja, mke wangu hana mtu."

"Wiki moja."

Akacheka. "Wiki moja mafi, haipo. Tano."

"Wiki moja, baba, na atakupikia sambusa za mfungo mzima, aziweke kwenye friji."

Nikasikia ofisa naye anacheka. Kafili akashuka nne. Nikanyamaza, kule kunyamaza kwangu kwa hatua saba. Akasema tatu, na tiketi ataikata siku hiyohiyo, tarehe iandikwe.

"Halas, tumepatana," nikasema. Siku ishirini na moja. Nilizihesabu kwenye kalenda ya jikoni, nikarudia. Nilinawa unga nikiwa na furaha. Nilimkata mtu wiki tatu nzima kwa simu!

Kafili alitimiza neno lake. Hilo siwezi kumlaumu. Mdogo wangu alikunja sambusa, akazipanga kwenye friji safu kwa safu, na kila siku alinitumia hesabu ya siku zilizobaki.

Baba alifariki siku ya kumi na tisa, asubuhi, akazikwa kabla ya alasiri.

Mwenzangu wa nyumba ya pili aliwahi kupeleka malalamiko kama yale. Nilimuuliza baadaye, nikitamani aniambie mwezi. Akaniambia alikaa makazini siku tano, ya sita akawa uwanja wa ndege. Nilimuuliza mara ya pili. Akarudia ileile.

Siku ya ishirini na moja mdogo wangu alisafiri, akafika nyumba yenye mikeka ya matanga. Akanitumia picha ya daftari. Mwandiko wa Baba unaanza umenyooka, halafu unateremka, kurasa za mwisho herufi zinagusana. Mbuzi hawamo tena. Kila siku ameandika mstari mmoja: Mabinti wawili, nje. Hali shwari. Nilikuza picha nikahesabu mistari iliyoandikwa baada ya siku ya tano. Kumi na mitatu. Nikarudia, kumi na mitatu. Siku ya kumi na tisa hakuandika.

Chini yake mdogo wangu alikuwa ameandika: Binti mdogo amerudi, saa tisa na robo. Nafasi ya sahihi ameiacha wazi.

Nikampigia. "Weka hata ya mama, basi."

"Mama hakuwahi kuweka."

Nikasikia watu wanavuta viti.

"Ungeniacha nifungue, dada," akasema, bila ukali wowote, kama anayenieleza chumvi iko wapi.

Nikaikuza tena ile picha, hadi mwisho wa ukurasa.

"Na mstari wangu?" nikauliza.

"Upo. Upo wazi vilevile," akasema. "Lakini kalamu nimeifunga hapo kwenye uzi, ikusubiri ufike."