Bega la Hamze

Dagane Abdille alipata kazi na kesi kwa tendo moja, alasiri moja ya Oktoba 1997, kwenye kiwanja cha mawe kilicho nyuma ya shule mjini Garissa. Alimkimbilia rafiki yake Hamze, aliyekuwa amebeba mpira, akamkaba kiunoni, akamwinua kidogo, akamlaza chini. Bwana Musotsi, aliyetoka Nairobi kuja kumtazama, alisema hajaona mtu akikabwa kwa usafi kama ule tangu raga ianze kulipa watu mishahara. Bega la Hamze lilikuwa na maoni tofauti. Mfupa wa mtulinga ulikatika, na waliosimama karibu waliusikia.

Huyu Musotsi aliwahi kufundisha hesabu Garissa. Alihamishiwa huko kwa namna wanavyohamishwa watumishi wa serikali waliomuudhi mtu, naye, ili asiteseke peke yake, akawafundisha wanafunzi raga. Dagane, aliyekuwa amekulia nyuma ya ngamia wakaidi, ndiye pekee aliyeuelewa mchezo bila kuelezwa. Sasa Musotsi alikuwa na klabu ya Nairobi yenye kulipa, na nafasi moja iliyobaki, na mtu mwingine wa kuijaza kama Dagane angechelewa. Mvua kubwa ilikwisha kuanza kuila barabara. Polisi waliokuwa wakisindikiza mabasi walitangaza kwamba msafara wa kesho adhuhuri ungekuwa wa mwisho, mpaka Mungu atakapopenda vingine.

Dagane na Hamze walikuwa marafiki; koo zao hazikuwa. Mfupa ukivunjika kati ya koo mbili, huko hauachiwi daktari peke yake. Wazee hukaa, wakapima kama jeraha ni la kusudi au la bahati mbaya, kisha aliyeumiza hutwishwa mzigo wake.

Wakakaa asubuhi iliyofuata, katika hoteli ya chai mtaani Waberi. Aliyeongoza kikao ni Mzee Ogle, mchuuzi wa mifugo kutoka Griftu, ambaye sifa yake kuu ilikuwa kutokuwa na jamaa upande wowote, jambo lisilo rahisi kupatikana Garissa. Shirwa, ami yake Hamze, alitaka jambo moja tu: Dagane aape kwamba hatacheza tena mchezo huo maishani mwake. Mchezo gani, aliuliza, ambao mtu anamwangusha mwenzake na watu wanampigia makofi?

Nuh, ami yake Dagane, alikuwa amemfunza mpwa wake usiku kucha jibu la kutoa. Aseme aliteleza. Bahati mbaya, basi. Kikao kingevunjika na chai haijapoa.

Msahafu ukawekwa mezani.

"Ulikusudia kumwangusha?" Ogle aliuliza.

Nje, basi lilipiga honi. Musotsi alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wa Dagane mkononi. Nuh alikohoa, kikohozi chenye maelekezo yote ndani yake.

"Nilikusudia, adeer," Dagane alisema, akimwita mzee ami kwa heshima. "Kumwangusha nilikusudia. Kumvunja, la. Nikisema niliteleza nitakuwa nimeapa uongo, tena nitakuwa mchezaji mbaya."

Nuh alifunga macho. Shirwa alifungua mikono, kama mtu aliyeletewa mbuzi ambaye hakumtafuta.

Ogle akamgeukia Hamze, aliyekaa pembeni mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. Akamuuliza kama alijua yule mwenziwe anamjia.

"Nilijua. Nilitaka kumpita."

"Na kama ungempita?"

"Wallahi, ningemcheka mpaka Mandera."

Mzee alikisukuma kikombe chake kando, huku honi ikilia tena. Kisha akasema kwamba anayeshuka kisimani na ndoo yake anajua atasukumwa. Kiapo cha kuacha mchezo hakitatolewa. Lakini mfupa ni mfupa. Hamze hupakia mbuzi kwenye malori sokoni, na sasa hawezi. Dagane atapakia badala yake, mpaka siku Hamze atakapouinua mkono ule juu ya kichwa chake mbele ya mashahidi. Siku hiyo mambo yamekwisha.

Musotsi, asiyejua Kisomali, aliomba atafsiriwe. Alipotafsiriwa, aliketi juu ya kreti ya soda na kuuweka mkoba sakafuni.

Injini za mabasi zikawashwa. Hapo Hamze akaanza kufungua fundo la kitambaa kwa meno.

"Keti chini," Shirwa alisema.

"Nimeketi tangu asubuhi, adeer."

Akasimama. Mkono ulipanda mpaka kifuani, ukapanda mpaka kidevuni, ukasimama kwenye sikio. Jasho lilimtoka kana kwamba ndiye anayepakia mbuzi. Hakuna aliyegusa kikombe. Dagane alinyanyuka nusu, Nuh akamvuta shati.

"Kichwa, nilisema," Ogle alisema, bila ukali. Sheria ni sheria.

Hamze akatoa sauti ndogo, sauti ya mlango usiotiwa mafuta, na mkono ukapita juu ya kichwa.

"Mashahidi mmeona?"

Mashahidi walikuwa wameona, hata Shirwa, ambaye angelipa kitu asione.

"Wewe una wazimu," Dagane alimwambia rafiki yake.

"Nenda," Hamze alisema, uso wake umekuwa rangi ya jivu. "Mji mzima unajua niliangushwa. Basi niwe nimeangushwa na mtu anayelipwa. Sitaki kuangushwa na mpakia mbuzi."

Msafara ulivuka daraja la Tana na Dagane ndani. Barabara ilifungwa nyuma yake. Mtulinga wa Hamze uliungika vibaya, ukaota nundu, naye akawa anawaonyesha wageni kama wengine wanavyoonyesha picha ya arusi.

Katika mechi yake ya kwanza Nairobi, Dagane alimkaba winga mmoja mnene, akamlaza chini kwa usafi uleule. Kisha, mpira ukiwa bado unachezwa, alipiga magoti kando yake na kumwomba ainue mkono. Musotsi alijifunika uso. Yule winga akauinua, kwa hasira, juu kabisa. Ndipo Dagane akanyanyuka, akaukimbilia mpira.