Shikamoo ya Mama

Juzi mjini Lushoto niliwaona wageni wakitembezwa kutazama majumba ya Wajerumani, nikasikia tena harufu ya maharage ya moto.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, mama alibeba kikapu cha chakula, akanipitisha majumba yaleyale, wakati huo ofisi za serikali, mlango hadi mlango. Nilidhani ananitembeza mjini. Sikujua kwamba baba alikuwa amekamatwa kwa kukataa shamba la ujamaa.

Kwenye mlango wa mwisho mama alimpigia magoti karani, kijana kabisa.

"Shikamoo, baba. Mume wangu yuko hapa? Nimemletea chakula."

"Hayupo, mama."

Niliona aibu: mama kasahau nani humwamkia nani.

Tukarudi na kikapu, maharage yamepoa.

"Tutakuja tena kutembea?" nikauliza kwa furaha.

"Tutakuja."

Tulikuja, mpaka nikawa mrefu kuliko yule karani.