Mteja Aliyesema Sabuni ni Laini

Juzi nilikuwa kwenye dirisha la vifurushi hapa Chake Chake, nyuma ya mama mmoja wa Wawi anayetengeneza sabuni za mwani na kuziuza mtandaoni. Karani alisoma jina kwenye kifurushi chake, akainua macho.

"Bi mkubwa, huyu si yule mteja wa Dar aliyekuandika vibaya?"

"Ndiye huyo," akajibu mama, kiganja kakilaza juu ya kifurushi.

Foleni nzima tukatega masikio, naye akatusimulia. Mteja yule aliandika kwenye ukurasa wake, mbele ya kila mtu: "Harufu nzuri, lakini sabuni imefika laini kama uji." Tangu hapo oda zikakatika. Mama alilia, kisha akaichukua sabuni yake mwenyewe akaibonyeza. Kidole kikazama. Alikuwa akiziuza kabla hazijakauka.

"Majirani walinunua wakanisifu tu, wakinionea haya," alisema.

Basi akawa anaziacha wiki kadhaa zikauke. Akamtumia mteja yule nyingine na kumtaka radhi. Yule akaandika tena: "Mama huyu anasikia. Nunueni kwake." Oda zikarudi, nyingi kuliko za mwanzo.

"Leo nnampelekea zawadi," akasema. "Wallahi, kanifunza kazi."

Karani akakipokea kifurushi kwa mikono miwili.

Nami nawashukuru wasomaji wanaonikosoa hadharani, ingawa, niseme kweli, shukurani hiyo hunijia baada ya hasira kupoa.