Tumbo Moja la Mbawakawa

Miaka kumi na tisa Mama Pini alichoma wadudu pini katika chumba cha nyuma cha makumbusho, na ni nadra mguu wa mdudu kukatikia mkononi mwake. Shule aliiacha mapema, lakini jicho lake lilikuwa la mwewe.

Mwaka ule Profesa, mkuu wake, aliamua kwamba mbawakawa wa droo ya saba, wale walao majani ya viazi vitamu, ni spishi mbili. Weusi watupu walijulikana tangu zamani. Wenye madoa manne ya njano walikuwa wapya, hawajapewa jina.

"Nitawapa lako, mama," alimwambia. "Umelitolea jasho."

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alipata la kusema. "Kumbe nimeoa mdudu. Tukigombana, ninunue dawa ya kupulizia?"

"Nunua, nami nitatafuna suruali za wateja wako."

Alicheka, na moyoni alifurahi. Nani hapendi jina lake libaki? Ila jambo moja lilimwasha: wa kwenye droo wote walikuwa maiti. Hakuna aliyewaona wakizaliwa. Basi akakamata jike hai lenye madoa, akalitia ndani ya chupa yenye udongo na majani, akafunika kwa kitambaa. Likataga mayai ishirini na matatu. Kila asubuhi, kabla ya chai, alibadilisha majani. Mabuu yakala, yakanona, yakajifukia.

Wakaibuka ishirini. Kumi na mmoja wana madoa. Tisa weusi tititi.

Akangoja wiki nzima, labda rangi haijakomaa. Wapi. Weusi walibaki weusi.

"Wamwage," mumewe alinong'ona. "Nani atajua?"

"Yeyote mwenye chupa na majani ya viazi, baba."

Kesho yake akaiweka chupa mezani kwa Profesa. Mzee akainama, akahesabu, akahesabu tena.

"Mama yao mmoja?"

"Tumbo moja."

"Na baba?"

"Hilo sikumuuliza."

Profesa akacheka kwa shida, akaivuta lebo aliyokwisha kuichapa, yenye jina la Mama Pini, akaikunja taratibu. "Basi ni ndugu. Samahani, mama."

Mama Pini akafungua droo ya saba, akawahamisha wenye madoa mmoja mmoja, akawapanga kando ya weusi. Hakuvunja mguu. Alipomaliza, akachagua weusi wawili hai, jike na dume, akawatia chupa ya pili.

"Hao wa nini tena?" Profesa akauliza.

"Nataka kuona madoa yanatoka wapi."

Profesa akavuta kiti, akaketi karibu na chupa.