Makuyu ya Adhuhuri

Kuyu la kwanza lilianguka mchana kweupe, siku ya thelathini na tano ya eda ya Mwanasha. Lilipita kwenye ufa wa dirisha, pale ubao ulipooza, likadunda sakafuni na kubingirika hadi ukingoni mwa mkeka. Likafuata la pili. Kisha la tatu. Yalikuja moja moja, kwa kituo, kama yanayohesabiwa. Mwanasha akaokota moja. Lilikuwa zima, halina hata alama ya jino, limelowa, na lina joto la kutoka ndani ya mwili.

Zainabu, wifi yake aliyekuja kukaa naye wakati wa eda hapo Milalani, aliyaona akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Huyu ni kaka yangu," akanong'ona. "Wallahi ni Waziri."

Na alikuwa na sababu. Marehemu Waziri alikuwa na ada ya kurudi adhuhuri kutoka karakana yake ya useremala na kitu cha mkewe mkononi: zambarau, kunazi, chochote kilicho katika msimu wake. Zainabu akatwaa msahafu akasoma Yasini mpaka sauti ikamkauka. Siku ya pili, adhana ya adhuhuri ilipokwisha tu, makuyu yakaja tena. Kumi na moja. Nje hapakusikika hatua za mtu.

Mwanasha si mwoga. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akifanya kazi katika bustani ya Kidzangoni, nyuma ya mji, ambako huzalishwa ndege walioadimika. Ameshang'atwa, ameshadonolewa, ameshanyewa kichwani siku ya mgeni rasmi. Lakini siku ile ya pili aliogopa, na aliona haya kwa kuwa hakuwa na hofu tu. Alikuwa na furaha. Mjane mzima, ndani ya nguo nyeupe, amekaa anangoja adhuhuri!

Siku ya tatu akaweka jicho kwenye ufa.

Upande wa pili palikuwa na jicho vilevile, jekundu la kahawia, pana, lisilopepesa. Lilimtazama kwa mapenzi ya utulivu, yale ambayo mtu huyategemea kwa mumewe. Kisha likajitenga, ukaingia mdomo mrefu, na kwenye ncha yake kuyu.

"Pembe," alisema Mwanasha kabla hajajizuia.

Nje mbawa zikavuma, ukafuata ukelele wa kupasua masikio. Zainabu akaangusha birika.

Pembe alikuwa hondohondo dume, mwenye pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Na hapa lazima niseme jambo ambalo Mwanasha hakuwahi kuliungama ofisini. Miaka minane nyuma mti wenye kiota uliangushwa kule msitu wa Shimba, kikaletwa kinda kimoja, hakina hata manyoya. Bustani haikuwa bado na chumba cha vifaranga, kwa hiyo Mwanasha alikilea nyumbani, katika chumba hiki hiki. Masharti yalikuwa mawili: kukilisha kwa mkono uliovikwa soksi yenye sura ya hondohondo, na kutofungua kinywa mbele yake. Kinda kikisikia sauti ya mtu na kuona uso wake, kitakua kikijidhani mtu.

Soksi aliivaa siku mbili. Yeye na Waziri hawakuwa wamejaaliwa mtoto. Siku ya tatu kinda kilifungua mdomo na kumlilia, na yeye akakijibu, "Labeka, mwanangu." Basi ikawa hadithi kutwa, nyimbo kutwa, na Waziri akicheka mlangoni.

Ndiyo maana Pembe alipoletewa jike kutoka ng'ambo, Bi Arusi kama walivyombatiza wafanyakazi, alimpa mgongo miaka sita. Wataalamu wakabadilisha vyakula, wakapima damu, wakaandika ripoti. Mwanasha alijua na akanyamaza. Mwaka huu, kwa rehema tu, Pembe akakubali. Bi Arusi akaingia ndani ya gogo, akajiziba kwa udongo kama ilivyo desturi yao, akabakiza mwanya wa kupitisha mdomo. Humo hukaa zaidi ya miezi minne, amepukutika manyoya ya mbawa, na kila tonge huletewa na mumewe kooni. Siku tano baadaye Waziri alianguka karakanani akafa, na Mwanasha naye akaingia ndani kwa miezi minne na siku kumi.

Jioni ya siku ile ya tatu alikuja Gedion, kijana wa bara aliyeachiwa kazi ya Mwanasha kule bustanini. Alisimama uani, maana mwanamume wa kando hamwoni mwenye eda, na maneno yakawa yanapita kwa Zainabu.

"Shikamoo. Aki poleni, najua si time ya kusumbua. Tawi liliangukia wavu, Pembe akatoka. Siku ya nne leo. Huyu mama ndani ya gogo hataki kukula kwangu, nikimpatia chakula na koleo anaipiga, kwa siku anachukua tunda moja mbili tu. Na mtoto ameshatoka kwa yai, namsikia akilia. Jana alilia sana. Leo amelia kidogo tu."

Mwanasha akayatazama makuyu yaliyopangwa juu ya sinia. Hapo ndipo alipoelewa. Yule ndege alikuwa amemkosa, akamtafuta, akamkuta ndani ya chumba chenye giza, chenye mwanya mmoja mwembamba. Kwa Pembe, yeye ndiye mke. Yale yalikuwa matonge ya kinda kinachokufa ndani ya gogo.

"Mwambie auache wavu wazi," alimwambia Zainabu. "Na unisongee udongo."

"Wa nini, wifi yangu?"

"Wa kuziba."

Aliuziba ufa kwa mikono yake mwenyewe, kutoka ndani, asibakize hata pa kupitisha sindano. Chumba kikawa giza totoro. Bi Arusi, akawaza, alijiachia mwanya. Kisichoachwa mwanya ni kaburi.

Adhuhuri ya kesho yake Pembe akabisha. Ko, ko, ko. Akanyamaza, akabisha tena, pole pole, kwa adabu. Mwanasha alikaa na upindo wa nguo kati ya meno. Kumfukuza asingeweza, kwani hata tusi lake lingekuwa jibu. Siku ya pili alibisha mpaka alasiri, na mara moja akatoa sauti ndogo, ile ya kinda, ambayo ndege mzima haitoi. Mwanasha akauma nguo mpaka ikatoboka. Zainabu alikuta nje makuyu yamerundikana chini ya dirisha, na sisimizi juu yake.

Siku ya tatu akabisha mara moja tu. Mbawa zikavuma juu ya paa, zikafifia.

Hapo Mwanasha alilia, na hakulia hivyo hata siku ya mazishi.

Kesho yake Gedion alikuja mbio kusema Pembe amerudi, anamlisha mkewe, na sauti ya kinda imepanda. Zainabu akamshukuru Mungu kwa niaba ya nyumba nzima.

Eda ilipokwisha Mwanasha alirudi kazini, akaomba apelekwe jiko la vyakula vya ndege. Hakusema kwa nini. Siku ya tatu alikuwa akimenya mapapai aliposikia Gedion akipiga kelele kutoka kwenye kizimba, hatua ishirini hivi.

"Bi Mwanasha! Udongo wa gogo umevunjwa! Mama na mtoto, wote wazima! Kuja uone!"

Alikwenda mpaka nyuma ya mlango. Kupitia mwanya wa bawaba aliwaona: Bi Arusi mwenye mbawa mpya, kinda mnene asiyejua pa kuweka miguu, na Pembe kati yao, kuyu mdomoni. Kwa kusikia jina la Mwanasha, Pembe aligeuza kichwa kuelekea jikoni. Akaliacha kuyu lianguke. Akaita.

"Uko wapi?" alisema Gedion. "Si unijibu!"

Mwanasha alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, vyenye maji ya papai, akasimama pale bila kutikisika, mpaka kinda alipolia na baba yake akageuka kumlisha.