Mbunge Ameniambia Sina Mtu

Jamani, leo mbunge ameniambia mbele ya Karatu nzima kwamba sina mtu.

Nilisimama mkutanoni kumwomba sheria: magobore ya kufukuzia tembo mashambani yasilale majumbani mwetu. Yafungiwe kwa mtendaji wa kijiji, mtu achukue lake akienda kulinda mahindi, basi.

Mume wangu ameuawa juzi kwa gobore la jirani. Waligombana kwenye pombe, jirani akakimbilia kwake kulichukua. Lilikuwa nyuma ya mlango tu!

Nikamaliza. Watu wote walikuwa wamesimama mbali nami.

Mbunge akatazama uwanja. "Mama, mbona wote wamekukimbia? Hawakuungi mkono."

Yeye si wa huku. Hajui kwamba sisi Wairaqw hatumsogelei mwenye msiba mbichi. Hata mimi sikutakiwa kutoka nyumbani.

Nikangoja mmoja wao amweleze. Mmoja tu!

Shemeji yangu akainama, akatazama viatu vyake. Mbunge akaingia kwenye habari za barabara.

Jioni hii watu walewale wamepita njiani, wakanipazia sauti: "Mama Tluway, tuko pamoja!"

Haya, nanyi niambieni: mngesema?

Nijibuni hata kwa mbali. Nimeshazoea.