Kuvumwani Nyuma ya Tangi

Mimi si mtu wa kungoja. Mama husema hata maharagwe huwa nayapakua yakiwa bado yanagonga sufuria, na hasemi uongo. Kwa hiyo nilipoamua kuotesha kuvumwani, ule ukijani laini unaoota juu ya mawe yenye unyevu, hapa Kaloleni, Kisumu, nilijitafutia adhabu mwenyewe.

Mama alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga. Mfupa ukaunga, daktari akasema sasa atembee, yeye akakataa kuvuka kizingiti. Alishinda kitandani, fimbo ubavuni, akisimulia kisima cha kwao upande wa Kakamega, ambako mawe na magogo yamevaa kijani laini. "Ningekanyaga pale tu," alisema siku moja, "hii miguu ingekubali." Pengine alisahau neno hilo saa ileile. Mimi sikutulia tena. Niliogopa kwamba kitanda kile ndicho kitakachommaliza.

Nikaenda kwa mjomba hukohuko Kakamega, nikabandua kuvumwani kwenye gogo lililooza, pamoja na ganda lake. Ni ile yenye vijani vilivyochanuka kama unyoya wa kifaranga. Nikaifunga kwa gazeti bichi hadi Kisumu. Mama sikumwambia. Nilitaka aione ikiwa tayari.

Kwenye video ya simu mtu fulani alisema isagwe na maziwa mala, yaliyoganda, ipakwe kwenye mawe. Nikapaka. Nikavuna nzi na paka wa mtaa mzima. Kipande cha pili nikakinyunyizia maji ya bomba, ambayo yana dawa, kikageuka rangi ya chai. Nilikasirika hadi nikaupiga teke mtungi usio na kosa lolote.

Kilichobaki nikakipeleka nyuma ya tangi la maji, mahali jua halifiki. Nikakwangua udongo, nikaulowesha kwa maji ya mvua, nikailaza kuvumwani na kuikandamiza kwa wayo. Baada ya hapo kazi ni kuirashia asubuhi na jioni, na kuiacha. Hapo ndipo penye taabu. Kila kukicha niliinua pembe nione kama imeshika, na kila nilipoinua nilikata kile kilichokuwa kimeanza kushika.

"Omera, ndugu yangu," jirani akaniambia, "watu wanapanda sukuma, wewe unapanda uchafu."

Nilikwenda ufuoni nikaomba kipande cha wavu kuukuu, nikaifunika kuvumwani nacho na kukipigilia vigingi pande zote. Wavu haukuwa wa kuizuia kuvumwani. Ulikuwa wa kunizuia mimi.

Mvua zikaja. Ijumaa moja nikang'oa vigingi, nikavuta pembe polepole. Haikuinuka. Ilikuwa imekua hadi ukingo wa simiti, nene, baridi kwa kiganja. Nikapanga Jumapili baada ya ibada nimbebe Mama mwenyewe, nimkalishe pale, aweke miguu.

Jumamosi akina mama wa kanisa walikuwa waje kumwombea. Nikatoka kununua mkate na majani ya chai. Niliporudi nilisikia ufagio nyuma ya nyumba, ule wa vijiti, ukikwaruza kwa hasira. Kwetu mgeni hakanyagi uwanja usiofagiliwa, hilo najua, lakini nyumbani nilikuwa nimemwacha mtu mmoja tu.

Mama alikuwa ameinama nyuma ya tangi. Kuvumwani yote ilikuwa lundo kando yake, juu chini, upande wa udongo ukitazama mbingu.

"Wageni wanakuja na wewe umeacha uwanja unaota utelezi," alisema bila kugeuka. "Unataka nianguke tena? Hiki kitu ni cha nani?"

Nilifungua mdomo nimfokee. Miezi yangu yote ilikuwa kwenye lile lundo. Kisha nikatafuta fimbo yake kwa macho. Haikuwa mkononi, wala ukutani, wala chini. Kupitia dirisha niliiona kitandani, pale pale ilipolala siku zote.

"Sijui, Mama," nikasema. "Toa tu."

"Basi niletee maji nioshe hapa."

Nikamletea ndoo nzima, ya bomba.